Herufi za Kesho Zilizochongwa Jana

Chukua neno lolote, tuseme HARAKA. Liandike kwa herufi ambazo upana wake unazidi kimo. Zilaze kidogo upande wa kulia. Zungusha kila kona mpaka isibaki ncha hata moja, kisha hakikisha mistari yote ina unene mmoja. Hujaweka picha wala rangi, lakini neno limeshabadilika. Sasa linafanana na jina la mchezo wa video wa magari, la kinywaji cha kuongeza nguvu, la pikipiki ya umeme, au la kampuni inayorusha roketi. Kabla msomaji hajafikia maana, ameshapata habari mbili: hiki ni kitu cha teknolojia, na kinakwenda mbio.

Ninachotaka kufafanua ni nani aliyempa habari hizo, maana mstari uliopinda hauna tarehe ndani yake. Herufi pana haijui kama ni ya mwaka huu au ya karne ijayo. Fonti za namna hii zimeokota ishara tatu kutoka karakana tatu tofauti, kwa nyakati tofauti, na karibu zote ni za zamani kuliko wengi wetu. Upana tumeuzoea kupitia skrini na filamu. Kona laini zilianzia kwenye zana za kuchora na kuchonga. Mlazo ulianza kama mwandiko wa mkono, ukaja kupewa maana mpya na magari ya mashindano. Na ishara hizi tatu, ukiziweka kwenye herufi moja, hugombana. Ndiyo maana fonti nyingi za aina hii zinazopakuliwa bure huvutia kwa sekunde mbili za kwanza, halafu jicho linaanza kusumbuliwa na kitu lisichoweza kukitaja.

Upana, na umbo la skrini

Tuanze na msingi. Fonti hizi hazina serifu, yaani vile vijistari vidogo vinavyokaa kwenye ncha za herufi katika vitabu na magazeti mengi. Herufi za chapa zisizo na serifu zilionekana kwenye kitabu cha sampuli cha William Caslon IV, London, mwaka 1816, tena herufi kubwa tupu. Zilipoenea zilikuwa za matangazo na vichwa vya habari. Hakuna harufu ya kesho hapo.

Harufu hiyo ilianza kusikika Ujerumani mwaka 1927, Paul Renner alipotoa fonti aliyoiita Futura. O yake inakaribia duara kamili, na herufi zake nyingi unaweza kuzichora kwa bikari na rula. Ndiyo fonti iliyo kwenye kibao ambacho wanaanga wa Apollo 11 walikiacha mwezini mwaka 1969. Lakini iangalie vizuri: haikulala, haina kona laini, na E yake na F yake ni nyembamba kabisa. Kwa macho ya miaka ya 1920, kesho ilikuwa ya jiometri: duara, pembetatu na mraba. Hakuna aliyeitarajia kuwa pana.

Sura pana tunayoijua leo ina mzazi wake Turin, Italia, kwenye kiwanda cha herufi cha Nebiolo. Mwaka 1952 Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa Microgramma, fonti ya herufi kubwa peke yake. Mwaka 1962 Novarese aliirudia, akaiongezea herufi ndogo, na matokeo yakaitwa Eurostile. Kulikuwa na jamaa zake wa mbali kabla ya hapo. Mmarekani Morris Fuller Benton alishachora Bank Gothic mwaka 1930, nayo ni pana na yenye mikunjo ya mraba. Ila ile ya Benton ina utaratibu wa kadi ya ofisini, na hii ya Turin ina mwili wa mashine.

Itazame O ya Eurostile kwa karibu. Huwezi kuiita duara, na mstatili pia si jina lake. Pande zake nne zinakaribia kunyooka lakini zimetuna kidogo kwa nje, na pale zinapokutana zinageuka kwa upole. Ni umbo la kioo cha televisheni ya miaka ya 1950, na ni umbo la dirisha la ndege ya abiria. Kwenye ndege kona laini hazikuwa pambo. Ndege za Comet za Uingereza zilipoanguka mwaka 1954, uchunguzi ulikuta nyufa za uchovu wa metali zilizoanzia kwenye kona za matundu ya kiwiliwili, mahali ambapo mkazo hujikusanya. Kona iliyozungushwa husambaza mkazo huo. Msomaji wa gazeti hakuhitaji kuijua hesabu yake. Alichoona ni kwamba vyombo vipya, vile vya kurushwa angani na vile vya kuwekwa sebuleni, vyote vina kona za namna moja. Fonti iliyokuja na kona hizohizo ikaonekana kuwa wa ukoo wao.

Umbo hilo lina hesabu yake, na hesabu hiyo inafaa kujulikana kwa sababu tutaihitaji mbele. Duaradufu ya kawaida hupatikana kwa mlinganyo wenye kipeo cha 2. Mfaransa Gabriel Lamé alionyesha mwaka 1818 kwamba ukibadilisha kipeo hicho unapata ukoo mzima wa maumbo. Kadiri kipeo kinavyopanda, ndivyo duaradufu inavyojaa kwenye kona na kukaribia mstatili, bila kuufikia. Mwaka 1959 Mdenmark Piet Hein aliulizwa uwanja wa Sergels torg, katikati ya Stockholm, upewe umbo gani ili magari yauzunguke vizuri. Akachagua kipeo cha 2.5. Ukichora O pana kwa kipeo kinachokaribia hicho, umeshafika jirani na Novarese.

Kilichobaki kilifanywa na sinema. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa filamu ya 2001: A Space Odyssey, na kwenye skrini za kompyuta yake, HAL 9000, maandishi yalikuwa ya Eurostile nzito iliyopanuliwa. Baada ya hapo mduara ulijifunga wenyewe. Msanifu wa filamu akitaka chombo cha anga kionekane cha kweli, anatumia herufi pana kwa kuwa watazamaji wamezizoea kwenye vyombo vya anga. Na watazamaji wanazidi kuzizoea kwa kuwa yeye ameziweka. Kampuni halisi za teknolojia nazo zikaingia, zikichukua kutoka kwenye sinema.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba si kila kesho iliishi. Mwaka 1970 Bob Newman alichora Data 70, fonti iliyoiga tarakimu za sumaku zinazosomwa na mashine kwenye hundi za benki: herufi zenye mabonge upande mmoja, nyembamba upande mwingine. Kwa miaka michache ndiyo ilikuwa sauti ya kompyuta. Leo ukiiweka kwenye tangazo, watu wanadhani ni la disko la zamani. Mabonge yale yalikuwepo kwa ajili ya mashine iliyoyasoma, na mashine ilipoacha kuwa mpya yakabaki ushamba. Umbo la kioo lilinusurika kwa sababu vioo havikuondoka. Viliongezeka tu, na sasa kila mtu ana kimoja mfukoni.

Kona laini ni alama ya zana

Kuhusu mviringo nitakuwa mfupi, kwa sababu historia yake haina fumbo. Kalamu ya mrija ya mchoraji ramani huacha mstari wenye ncha ya duara, kwa kuwa ncha ya kalamu yenyewe ni duara. Mashine ya kuchonga herufi kwenye bamba, mfano zile za Gorton kutoka Racine, Wisconsin, hutumia kekee inayozunguka, nayo haiwezi kuacha mwisho wa mstari ukiwa mraba. Mrija wa taa ya neoni haupindi kwa pembe kali. Kwa hiyo miongo mingi watu waliziona herufi zenye ncha laini kwenye paneli za mitambo, vitufe, michoro ya uhandisi na mabango yanayowaka usiku. Ziliwakilisha mahali pa kazi ya kitaalamu.

Kilele chake ni nembo ya NASA ya mwaka 1975, ile inayoitwa mnyoo, iliyosanifiwa na ofisi ya Richard Danne na Bruce Blackburn. Mstari mmoja wa unene mmoja unapita kwenye N, A, S na A, na A zote mbili hazina upau wa katikati. NASA iliiondoa mwaka 1992, kisha ikairudisha mwaka 2020 ubavuni mwa roketi ya Falcon 9. Mchora fonti Ray Larabie ametengeneza alfabeti nzima, Nasalization, kutokana na herufi tatu hizo, na fonti nyingi za bure za aina tunayoizungumzia zimo kwenye kivuli chake, wachoraji wake wakijua au wasijue.

Mlazo, na swali la mbele ni wapi

Mlazo ndio mkongwe kati ya hizi tatu. Mwaka 1501, Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil kwa herufi zilizolala, zilizochongwa na Francesco Griffo. Ziliiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule, na tena ni herufi ndogo tu zilizolala. Kubwa zilisimama wima. Ulikuwa mlazo wa kalamu. Mwendo haukuwemo.

Mwendo uliletwa na kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, ambaye hata miaka 20 alikuwa hajafika, alipiga picha ya gari la mashindano likipita mbele yake kwenye Grand Prix ya Ufaransa. Gurudumu kwenye picha ile limekuwa duaradufu iliyoinamia mbele, kana kwamba gari linajichomoa nje ya picha. Watazamaji waliosimama kando ya barabara wamelalia upande wa nyuma. Sababu ni ya kimitambo. Kamera za namna ile hazikuangaza picha nzima kwa mkupuo mmoja. Mwanya mwembamba ulishuka mbele ya bamba na kuiandika picha kipande kwa kipande. Lenzi huipindua taswira juu chini, kwa hiyo sehemu ya chini ya gurudumu iliandikwa kwanza, na ilipofika zamu ya sehemu ya juu, gari lilikuwa limeshasogea. Watazamaji nao walilala kinyume kwa sababu Lartigue alikuwa anaizungusha kamera kulifuata gari.

Kasoro ya kamera ikageuka lugha. Kwenye vibonzo na mabango ya mashindano, gurudumu lililoinama likawa njia ya kawaida ya kusema gari liko mbioni, na herufi zikafuata gurudumu. Lakini angalia kilichofichika humo: mlazo wa kulia unamaanisha mbele kwa anayesoma kutoka kushoto kwenda kulia tu. Kwa maandishi ya Kiarabu au Kiebrania, yanayokwenda kulia kwenda kushoto, herufi iliyolalia kulia imelalia ilikotoka.

Hata kwa alfabeti yetu jambo hili linazua tatizo ambalo wabandika maandishi kwenye magari wanalijua vizuri. Simama upande wa kulia wa gari: pua yake iko kulia kwako, na jina lililolalia kulia linakwenda na gari. Zunguka upande wa pili. Sasa pua iko kushoto, neno bado linasomwa kushoto kwenda kulia, na herufi zilezile zimelalia nyuma, kama zinafunga breki. Kuna wanaolaza herufi za upande huo kwa kushoto. Kuna wanaoacha nembo ilivyo, kwa kuwa nembo ni nembo. Mimi ningeiacha. Neno lililolalia kushoto husomeka kwa shida, na hakuna mpita njia anayezunguka gari kulinganisha pande zake.

Zinapogombana

Sasa tufike kwenye karakana, maana hapa ndipo fonti nzuri inapoachana na ile ya kubahatisha. Watu wengi hudhani fonti pana yenye mlazo hupatikana kwa hatua mbili: unachukua fonti ya kawaida, unaivuta kwa upana, halafu unaisukuma ilale. Programu yoyote ya michoro itakufanyia hivyo kwa sekunde moja. Matokeo yake ni mabaya kwa sababu zinazopimika.

Anza na kuvuta. Ukipanua herufi hadi asilimia 150, kila mstari uliosimama unanenepa hadi asilimia 150 ya unene wake, huku mistari iliyolala ikibaki na unene wake wa awali. H inakuwa nguzo mbili nene zilizounganishwa na uzi. Kona zilizokuwa robo ya duara zinakuwa robo ya duaradufu, kwa hiyo ule ulaini uliokusudiwa unaonekana umebanwa. Herufi pana ya kweli huchorwa upya: upana unaongezwa kwenye uwazi wa ndani wa herufi, na mistari inaachwa na unene wake. Na si herufi zote zinapanuka kwa kiasi kimoja. O, D na H zinapokea upana bila shida. M na W zilikuwa pana tangu mwanzo, hivyo huongezewa kidogo tu. I haina pa kupanukia kabisa, na ikiachwa hivyo, kila inapotokea inatoboa shimo jembamba katikati ya neno.

Kisha kulaza. Chukua O iliyo duara, yenye mstari wa unene mmoja pande zote, uilaze kwa nyuzi 12, kiasi cha kawaida kwenye fonti zisizo na serifu. Hesabu ni rahisi na matokeo yake yanashangaza: mstari unanenepa kwa kama asilimia 11 upande wa juu kulia na wa chini kushoto, na unakonda kwa kama asilimia 10 upande wa juu kushoto na wa chini kulia. Tofauti kati ya sehemu nene na nyembamba ni karibu robo nzima. Ukienda nyuzi 20, kama fonti nyingi za mbio zinavyopenda, sehemu nene inakuwa zaidi ya mara 1.4 ya ile nyembamba. Fonti iliyojitangaza kuwa na mstari mmoja usiobadilika haina tena mstari huo. Hiki ndicho kile kitu ambacho jicho linashindwa kukitaja.

Ncha laini zinaumia zaidi. Mstari uliosimama unaishia kwa nusu duara. Ukiulaza kwa kusukuma tu, bega la kulia la nusu duara ile linachongoka na la kushoto linabapa. Chini mambo yanakuwa kinyume. Ukikuza herufi kwenye skrini unaona ncha iliyokatwa shingo upande. Msanifu makini anaifuta na kuchora nusu duara mpya inayofuata mwelekeo wa mstari uliolala. Lakini akifanya hivyo sehemu ya juu kabisa ya ncha inahama, na herufi zinaanza kukaa juu au chini kidogo ya mstari wa msingi, ule ambao herufi zote huukalia. Inabidi azirekebishe moja moja. Wengine hukwepa kazi hiyo kwa kuikata ncha sawa na mstari wa msingi na kulainisha kona zake mbili tu, na kusema kweli njia hiyo mara nyingi hutoa herufi iliyotulia zaidi.

Kuna tatizo la tatu ambalo sijaona likitajwa mara nyingi. Mlazo huonekana kwenye mistari iliyosimama. Mistari iliyolala, kama ile mitatu ya E, haibadiliki hata chembe ukiilaza herufi, inasogea tu. Fonti pana ina mistari mirefu iliyolala na michache iliyosimama kwa kila sentimita ya neno, kwa hiyo nyuzi 10 ambazo zingetosha kwenye fonti ya kawaida hapa hazionekani vizuri. Msanifu anashawishika kuongeza nyuzi, na akiongeza, yale matatizo mawili ya kwanza yanakua. Upana unadai mlazo mkubwa. Mviringo unadai mlazo mdogo. Hakuna jibu moja sahihi hapo, na ukitazama fonti mbili nzuri za aina hii utaona kila moja imemsikiliza mmoja wa wagomvi zaidi ya mwingine.

Ile hesabu ya Lamé inarudi hapa. Kona ya kawaida hutengenezwa kwa kuunganisha mstari ulionyooka na robo ya duara. Kwenye karatasi kiungo hicho hakina kosa, lakini jicho huona kama kifundo pale mstari unapoanza kupinda, kwa sababu mpindo unaruka ghafla kutoka sifuri hadi kiasi kamili. Kwenye herufi nyembamba hutaona. Kwenye herufi pana yenye kona kubwa vifundo vinajipanga neno zima. Dawa ni kuuanza mpindo mapema na kuuongeza taratibu, kama umbo la Sergels torg linavyofanya.

Mikunjo yenyewe huchorwa kwa nukta chache na vishikio vyake, kwa hesabu iliyozaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau aliifanyia kazi Citroën tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier akaieneza kutoka Renault katika miaka ya 1960, wote wakitaka kuziambia mashine mabati ya magari yapinde vipi. Kampuni ya programu ya Adobe iliiingiza kwenye PostScript, lugha ya kuielekeza mashine ya kuchapa, mwaka 1984, na tangu hapo herufi na boneti za magari zinachorwa kwa mkunjo mmoja. Kanuni ya kazi ni kuweka nukta kwenye ncha za mbali za umbo: juu, chini, kushoto, kulia. Ukiilaza O, nukta ya juu na ya chini zinabaki mahali pake sahihi, lakini za kushoto na kulia zinakuwa hazipo tena kwenye ncha, na inabidi ziwekwe upya. Fungua faili la fonti ya bure uangalie O yake. Nukta za pembeni zikiwa zimebaki kwenye mteremko, unajua hakuna aliyeirudia baada ya kuisukuma.

Inavyosomeka

Kuna bei inayolipwa na msomaji. Ukizungusha kona zote, unafuta alama zinazotofautisha herufi. O, D na 0 zinakuwa ndugu. B inajifanya 8, S inakaribia 5, Z inakaribia 2. Kwenye fonti wima, D hujitetea kwa mstari wake wa kushoto ulionyooka na kona zake mbili kali. Zilainishe kona hizo, kisha ulaze mstari huo, na utetezi wote umeisha. Msanifu anayejali huacha kona za kushoto za D zikiwa kali kuliko nyingine, hata kama zinavunja sheria yake mwenyewe.

A isiyo na upau ni mtego mwingine. Kwenye NASA inafaa: neno fupi, linalojulikana na kila mtu, lenye N na S za kulishikilia. Sasa rudi kwenye HARAKA. A ni tatu kati ya herufi sita. Zikigeuzwa matao matupu, nusu ya neno inakuwa malango, na msomaji anabaki na H, R na K za kubahatisha nazo. Kiswahili kinapenda a kuliko kinavyopenda herufi nyingine yoyote. Mapambo yaliyobuniwa kwa majina ya Kiingereza yanabeba mzigo mara mbili yakiletwa kwetu. Anayesanifu nembo ya Kiswahili kwa fonti ya namna hii aangalie kwanza kama fonti ina A ya pili yenye upau. Nyingi huwa nayo, imefichwa kwenye herufi mbadala.

Ukubwa nao una neno. Kona yenye nusu kipenyo cha sehemu ya kumi ya kimo cha herufi inapendeza kwenye bango. Kwenye maandishi ya pikseli 12 kona hiyo ni kama pikseli moja tu, yaani haipo. Mlazo nao kwenye skrini duni unakuwa ngazi. Kinachobaki ni upana peke yake, ambao unakula nafasi bila kurudisha kitu. Fonti hizi ni za maneno mawili matatu makubwa; aya nzima iliyoandikwa kwa herufi hizi ni adhabu kwa msomaji.

Hata hayo maneno mawili yana namna ya kuwekwa. Neno lililolala halina umbo la mstatili. Lina umbo la msambamba. Ukiliweka katikati kwa vipimo vya programu, jicho litaliona limesogea. Ukipanga mistari miwili ikianzia kushoto kwa usawa kamili, herufi zitakataa usawa huo. Afadhali uanze kila mstari kwa kuufuata mteremko wa herufi, mstari wa chini ukirudi kushoto kidogo, ili kingo za kushoto zichore mstari mmoja uliolala.

Kuhusu programu, jambo moja limebadilika sana. Septemba 2016, Warsaw, Adobe, Apple, Google na Microsoft zilitangaza fonti geugeu: faili moja lenye mihimili ambayo mtumiaji anaivuta mwenyewe. Mihimili iliyosajiliwa rasmi ni mitano, na miwili inatuhusu: wdth ya upana na slnt ya mlazo. Tofauti na kuvuta kwa nguvu, hapa msanifu ameshachora ncha zote mbili za mhimili, na programu inakokotoa yaliyo katikati, kwa hiyo unene wa mistari unalindwa. Kichekesho ni kwamba slnt huhesabiwa kinyume na mazoea: mlazo wa kulia ni namba hasi. Fonti ya Recursive, kwa mfano, inakwenda kutoka 0 hadi -15. Ukiandika 15 bila alama ya kutoa, herufi zitabaki wima, nawe utadhani faili ni bovu.

Na jihadhari na kitufe cha mlazo. Fonti isipokuwa na mlazo wake, kivinjari huutengeneza chenyewe kwa kusukuma herufi, na kanuni za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, zinataja nyuzi 14 kama kiasi cha kawaida. Hapo unarudi kwenye O yenye unene wa kuyumba na ncha zilizokatwa shingo upande. Fungua orodha ya mihimili na mitindo ya fonti yako kabla hujaitumia. Ikiwa hakuna slnt, hakuna mtindo wa mlazo, na bado kitufe kinafanya kazi, basi aliyelaza herufi ni programu, na msanifu wa fonti hajawahi kuziona zikiwa hivyo.